Wafadhili, Msitu na Jirani Aliye Nje ya Mpaka

Nyuma ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi, mtu akishaupita mji wa Kilifi, umetanda msitu wa Arabuko-Sokoke. Eneo lake ni kilometa za mraba zipatazo 420, na katika Afrika ya Mashariki hakuna msitu mwingine wa pwani uliosalia ukiwa kipande kimoja kikubwa kiasi hicho. Ndani yake yumo sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu. Yumo bundi mdogo wa Sokoke. Yumo kwera wa Clarke, ndege asiyejulikana kuishi popote ila katika msitu huo na katika misitu ya Dakatcha iliyo kaskazini yake. Wapenzi wa ndege husafiri maelfu ya kilometa kutoka Ulaya na Marekani ili wamtazame bundi huyo kwa dakika chache. Mwanafunzi aliyezaliwa mwendo wa nusu saa kutoka mpaka wa msitu huohuo aweza kumaliza masomo yake ya sekondari bila kumwona, na bila kuingia humo hata mara moja pamoja na mwalimu wake wa bayolojia.

Ni rahisi kudhani kwamba sababu ni ukosefu wa fedha. Hapana shaka shule za vijijini ni maskini. Lakini msitu wa Arabuko-Sokoke haukusahauliwa na wafadhili. Pengine ni msitu mmojawapo uliofadhiliwa zaidi katika pwani yote ya Kenya. Kasoro imo katika namna fedha hizo zinavyosafiri. Kila mfadhili huja na mfereji wake, humwagilia kitalu chake kwa miaka mitatu au minne, kisha huufunga na kuondoka. Mahali pale palipowahi kufaulu ni pale ambapo mifereji iliunganishwa, na historia ya msitu huo yatoa ushahidi wa kutosha.

Serikali ya kikoloni ilipouwekea msitu mpaka, mkaazi wa kando yake aligeuka mvamizi wa mahali alipozoea kupata kuni, dawa, asali na nguzo za nyumba. Uhuru haukubadili hali hiyo kwa haraka. Walinzi walibaki walinzi, na jirani alibaki mtu wa kufukuzwa. Tembo na nyani walitoka msituni usiku na mchana kula mahindi na mihogo yake, naye hakuwa na ruhusa ya kuwafuata. Si ajabu basi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima walipoulizwa maoni yao, wengi walitamka wazi kwamba wangependa msitu ukatwe, wote au sehemu yake, wagawiwe mashamba. Aliyeshangazwa na jibu hilo hakuwahi kukesha akipiga debe kuwafukuza tembo.

Hatua ya kwanza ya maana haikuwa ya fedha bali ya karatasi. Mwaka 1991 Idara ya Misitu na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya zilitia sahihi mkataba wa maelewano wa kuusimamia msitu kwa pamoja, maana mmoja alikuwa na mamlaka juu ya miti na mwingine juu ya wanyama wanaoishi katika miti hiyo. Baadaye Taasisi ya Utafiti wa Misitu na Makumbusho ya Taifa zikajiunga. Vyombo vinne vya dola, vyenye mabosi wanne, vikakubali kuketi kwenye meza moja. Mtu asiyepata kufanya kazi serikalini hawezi kupima ugumu wa jambo hilo.

Meza hiyo ilipokwisha kuwekwa, fedha zilipata mahali pa kutua. Mwaka 1993 ulianza mradi wa Kipepeo pale Gede, karibu na magofu mashuhuri, kwa msaada wa ruzuku ndogo ya kimataifa na chini ya ulezi wa Makumbusho ya Taifa. Yafaa mradi huu uelezwe kwa kirefu kidogo, kwa kuwa sayansi yake ni ile iliyomo katika vitabu vya shule.

Mkulima wa vipepeo huingia msituni na wavu, akakamata jike wachache. Huwaweka katika kizimba pamoja na mmea ambao viwavi wa aina hiyo hula. Hapo ndipo elimu inapohitajika, kwa kuwa vipepeo si kama mbuzi. Kiwavi wa aina fulani hula majani ya mimea michache tu, na akinyimwa mimea hiyo hufa akiwa amezungukwa na majani mengine tele. Kila mwenye mlimao au mchungwa amewaona viwavi wa kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano, ambao hula majani ya jamii hiyo ya mimea. Aina nyingine huhitaji miti isiyopatikana popote ila msituni, na mkulima hana budi kuijua kwa jina, kuitafuta mbegu, na kuipanda kando ya nyumba yake. Jike hutaga, mayai huanguliwa, viwavi hula na kujivua ngozi mara kadhaa, kisha huwa pupa. Hapo saa huanza kuhesabu. Pupa hao huuzwa katika nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo, nao hawana budi kufika kabla ya kupasuka, yaani katika siku chache tu.

Maana ya jambo hili yapita fedha anazopata mkulima. Kwa mara ya kwanza tangu mpaka ulipowekwa, jirani aliingia msituni kwa kibali, akiwa na sababu ya kuutaka uwepo kesho. Msitu ukikatwa, hana jike wa kukamata. Lakini ili mnyororo huo usikatike zilihitajika pande nyingi: idara ya kutoa ruhusa ya kuingia, wataalamu wa makumbusho wa kutambua spishi, mtu wa kutafuta masoko, na kiwanja cha ndege. Mfadhili mmoja mwenye mradi mmoja asingaliweza kuyafanya yote hayo kwa kujenga ofisi na kununua gari.

Baina ya mwaka 1996 na 1999 Umoja wa Ulaya uligharimia mradi mkubwa zaidi kwa njia ya shirika la BirdLife, nao ulifanya kazi pamoja na ile meza ya vyombo vinne badala ya kuanzisha meza yake. Huko Dida, upande wa bara wa msitu, lilianza mwaka 1997 jaribio la kuwashirikisha wanakijiji katika usimamizi, miaka minane kabla sheria ya misitu ya mwaka 2005 haijavitambua rasmi vyama vya jamii. Mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mpango unaowahusu wanafunzi moja kwa moja. Wageni wanaotembea juu ya daraja la mbao katika mikoko ya hori la Mida hulipa kiingilio, na mapato hayo huchangia karo ya sekondari ya watoto wa jamaa maskini wanaopakana na msitu, nazo jamaa hizo hushiriki katika kuuhifadhi. Mfadhili alisaidia kujengwa kwa daraja. Daraja likaendelea kulipa baada ya hapo. Huo ndio ufadhili unaostahili jina lake.

Mtu akiyatazama yote haya, ataona kwamba kilichofanikisha si wingi wa miradi bali uzi unaoishona. Na uzi huo ndio ambao wafadhili hawapendi kuulipia. Mfadhili hufurahi kulipia kitu kinachopigika picha: kisima, jengo, mizinga ya nyuki, bango lenye nembo yake njia panda. (Viko vijiji katika pwani hii ambavyo mabango ya miradi iliyokwisha yamedumu kuliko miradi yenyewe.) Ni nani atakayepiga picha ya mshahara wa mratibu? Ni nani atakayeweka bango kwenye nauli ya mzee aliyetoka Dida kwenda kuketi na maofisa, akawaambia kwamba njia waliyoichora inapita juu ya makaburi? Gharama hizi ni ndogo mno zikilinganishwa na bei ya gari moja la mradi, na zinapokosekana vikao hukoma, na vikao vikikoma kila chombo hurudi ofisini kwake na kufunga mlango.

Hata hivyo mtandao nao waweza kuwa ugonjwa. Wako watu wanaoishi kwa warsha, wakihama hoteli hadi hoteli na mkoba uleule, na kazi ya mtandao wao ni kupanga mkutano ujao. Kipimo ni chepesi: mtandao ambao ajenda yake huandikwa na mfadhili, na ambao wanakijiji huitwa siku ya pili ya mkutano ili waelezwe yaliyokubaliwa siku ya kwanza, haustahili senti. Tanzania ina mfano wa upande wa pili. MJUMITA, mtandao wa jamii wa usimamizi wa misitu ulioanza mwaka 2000, wanachama wake ni vikundi vya vijiji vyenyewe, na tangu mwaka 2007 umesimama kama asasi inayojitegemea. Katika mtandao wa namna hiyo mwanakijiji ndiye mwenyeji, na mfadhili ndiye mgeni.

Kuna na suala la muda. Katika miaka ya 2000 sehemu ya kazi za Arabuko-Sokoke iligharimiwa na USAID, shirika la misaada la Marekani. Mwaka 2025 serikali ya nchi hiyo ililivunja shirika hilo zima, na miradi katika mabara kadhaa ikasimama katika muda wa majuma machache. Miaka mitano kabla ya hapo, ugonjwa wa UVIKO-19 ulizuia ndege, ukaondoa watalii katika fukwe, na ukafunga nyumba za maonyesho ya vipepeo huko ng'ambo. Hakuna aliyekosa katika jambo hilo la pili. Lakini yote mawili yanaonyesha hatari ya kuning'inia kwenye tawi moja. Ndiyo sababu wafadhili wangefanya vyema kuiga jambo lililofanywa Morogoro mwaka 2001, ulipoanzishwa Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki. Mtaji wa mfuko huo umewekezwa, na shughuli hugharimiwa kwa faida inayozaliwa. Faida hiyo hupanda na kushuka, wala haitoshi kila kitu, ila haifukuzwi na uchaguzi wa nchi ya mbali. Wafadhili watano wakichanga katika kapu moja la namna hii, chini ya wadhamini ambao baadhi yao ni wakaazi wa mahali penyewe, hakuna mmoja wao atakayeweza kujisifu peke yake kuwa aliuokoa msitu. Labda ndiyo maana makapu hayo ni machache.

Wapo wahifadhi wenye hofu ya haki kwamba milango ikifunguliwa, msitu utakanyagwa. Miti ya mihugu, ambayo wachongaji wa vinyago huithamini, imekwisha kupungua kwa ukataji wa siri. Lakini ukataji huo ulifanyika huku milango imefungwa. Mwizi wa mti hatumii lango. Anayemwona ni yule aliyeingia kwa halali kutafuta vipepeo, asali au kuni kavu, naye atatoa taarifa ikiwa msitu una faida kwake. Mwaka 2014 kampuni moja ilipotaka kupeleka ndani ya msitu uchunguzi wa mitetemo wa kutafuta mafuta, majirani na vyama vya uhifadhi walipinga kwa sauti moja, na shughuli hiyo haikuendelea humo. Majirani wale wa mwaka 1990 wangaliombwa kuutetea msitu, yawezekana wangalicheka.

Sasa shule. Vyama vya wanyamapori vya wanafunzi si jambo geni katika nchi hizi. Vya Kenya vilianzishwa mwaka 1968, na vile vya Malihai huko Tanzania mwaka 1980. Walimu wenye moyo hawakukosekana. Kinachomshinda mwalimu ni mambo madogo yanayorundikana: basi, chakula cha mchana, kiingilio, mwongozaji, barua ya ofisi ya elimu, barua ya ofisi ya misitu. Kila kimoja kina mwenyewe, na hakuna kati ya hao mwenye wajibu wa kukutana na wenzake. Mradi wa miti huandika mstari wa miche katika bajeti yake, mradi wa elimu huandika mstari wa vitabu, na mstari wa basi hauandikwi na yeyote. Mtandao ulio hai ungeweza kulimaliza jambo hili kwa mkutano mmoja na kibali kimoja cha mwaka mzima, na kwa kuwalipa kama waongozaji vijana wa vijiji vya mpakani, ambao wengi wao huwajua ndege kwa sauti hata kabla ya kuwajua kwa picha.

Wakati wa kulifanya umekaribia kuliko wengi wanavyodhani. Mpango mkuu wa usimamizi wa Arabuko-Sokoke uliandikwa kwa miaka 25, tangu 2002 hadi 2027. Mpango wa baada ya huo hauna budi kuandikwa, na wafadhili wataombwa kugharimia uandishi wake. Wakikubali, na waweke sharti moja kabla ya kutoa shilingi ya kwanza: kwamba wakuu wa shule za Gede, Mida, Dida na Jilore wawe na viti katika chumba kile tangu siku ya kwanza, nauli zao zikiwa zimekwisha kulipwa.