Kabla ya kiboko, muulize amekula nini

Mwezi uliopita nilikuwa Kisumu kwa harusi ya mpwa wangu, mtaa wa Kaloleni. Sisi wa Mombasa tukifika kule hupelekwa Dunga kula samaki, tukapiga picha ziwani, tukarudi. Safari hii shemeji yangu alinipitisha Obunga, kwa akina mama wanaokaanga mgongo wazi.

Asiyejua, nimweleze. Viwanda vya samaki huchuna minofu ya sangara, ambaye kule humwita mbuta, ikasafirishwa ng'ambo. Kinachobaki, kichwa na mifupa, hununuliwa na wanawake wa Obunga wakakikaanga na kukiuza. Nyumba nyingi hula na kulipa kodi kwa mifupa hiyo.

Jioni ile nilikutana na rafiki wa shemeji, mwalimu wa ushauri nasaha katika shule moja ya kutwa. Alinisimulia habari za mvulana wa kidato cha tatu aliyekuwa akilala darasani. Alipigwa viboko na mwalimu mmoja, akapigwa tena na mwingine. Baadaye ikajulikana kwamba humsaidia mamake kukaanga samaki mpaka usiku wa manane, na saa saba mchana, wenzake wakipanga foleni ya chakula, yeye huenda kukaa nyuma ya choo kwa sababu pesa za chakula hazijalipwa.

"Kaka, jina lake nililiandika mara tatu kwenye kitabu cha watovu wa nidhamu," aliniambia. "Hakuna siku hata moja niliyomuuliza amekula nini."

Maneno hayo nimerudi nayo Mombasa, kwa sababu mtoto huyo yuko Likoni, yuko Kisauni, yuko hata Malindi.

Tuangalie mambo yalivyo. Tangu 2008 serikali hulipia karo ya shule za sekondari za kutwa. Kiwango kilichowekwa baadaye ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kila muhula walimu wakuu hulia kwamba hazifiki zote wala hazifiki kwa wakati. Lakini hata zingefika zote, chakula cha mchana ni juu ya mzazi. Nairobi kuna Dishi na County, ambapo mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani, ila mpango huo ni wa chekechea na shule za msingi. Mtoto akiingia sekondari, mwili unakua na sahani inaondoka.

La pili ni viboko. Vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikafanya kumpiga mwanafunzi kuwa kosa. Zaidi ya miaka 20 baadaye, tunajua sote yanayoendelea. Na tusiwanyooshee kidole walimu wa shule peke yao. Katika madrasa zetu pia fimbo haijapumzika.

La tatu ni mtu wa kumsikiliza mtoto. Mwaka 2001, baada ya wavulana 67 kuungua Kyanguli, kamati iliyoongozwa na Naomi Wangai ilitaka ushauri nasaha uimarishwe shuleni. Sisi wa Pwani tulikuwa tumeshazika wasichana wa Bombolulu mwaka 1998. Mwaka 2024 tumezika watoto 21 wa Endarasha. Kila moto ukizima tunakagua madirisha na milango ya mabweni, jambo la lazima, kisha mwalimu wa ushauri nasaha anarudi kwenye vipindi vyake karibu 30 kwa wiki. Huyo rafiki yetu huwasikiliza watoto wakati wa mapumziko, amesimama koridoni.

Mimi si daktari wa akili, nina diploma tu ya ustawi wa jamii. Lakini najua si kila msaada unangoja daktari. Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Mkenya Tom Osborn, iliwafunza vijana waliotoka sekondari juzi tu kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vikao vinne. Utafiti wao wa 2021 uliohusisha wanafunzi 413 ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Vijana waliomaliza kidato cha nne na kukaa maskani tunao tele.

Na mtoto akisema amechoka na maisha, asifichwe kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 kinachofanya jaribio la kujiua kuwa uhalifu kinakwenda kinyume cha katiba.

Najua watakaosema: hata sisi tulisoma na njaa, tukapigwa, na tumefika. Kweli, tuliofika ndio tunaosimulia. Niliyekaa naye dawati moja aliacha shule kidato cha pili. Hakuna aliyemuuliza kitu, nami pia sikumuuliza.

Serikali ina wajibu wake: chakula kiingie kwenye bajeti ya sekondari za kutwa, na mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi. Lakini nasi tuna letu. Ramadhani tunafuturisha mamia, Alhamdulillah. Ikifika Shawwal sufuria zinafungiwa stoo. Kamati za misikiti haziwezi kwenda shule iliyo jirani zikauliza ni watoto wangapi hawali mchana?

Yule mvulana? Mwalimu alikwenda kuzungumza na mamake. Sasa mama huleta samaki jikoni mwa shule mara moja kwa wiki, na deni la chakula linakatwa hapo. Mtoto bado husinzia siku nyingine, kwani kazi ya usiku haijaisha. Ila saa saba yumo kwenye foleni na wenzake.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.