Magurudumu yasiingie mikokoni

Masika, njia za udongo za Majoreni, Kwale, hugeuka tope zito. Gari likizama hadi ekseli, dereva hukata matawi, akayasukumiza chini ya matairi, kisha akakanyaga mafuta.

Njia inapopita karibu na mikoko, hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Mizizi ya mikoko huchomoza matopeni ili kupumua. Tairi zito huivunja.

Wapenzi wa safari za porini wana mfano mzuri: Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989. Madereva hupenya vichaka na makorongo, na michango yao ilisaidia kujenga uzio wa Milima ya Aberdare, takriban kilomita 400, uliokamilika 2009.

Kwale nayo itenge njia maalumu za magari ya safari hizi za porini, mbali na mikoko na misitu mitakatifu ya kaya kama Kinondo, na ada za kuzitumia ziwafikie wanavijiji.