Majina Juu ya Milango

Kwa wazee wangu, ndugu zangu na wanangu wa Unguja Mjini, walioko Mji Mkongwe na walioko Ng'ambo.

Nataka mjue mapema kwamba naandika hali nimeudhika, na aliyeniudhi hakukusudia. Mpwa wangu, ambaye riziki yake ni kuwatembeza wageni mjini, aliniletea kwa simu picha ya watalii waliojipanga Shangani, kila mmoja akingoja zamu yake ya kusimama mbele ya nyumba inayonasibishwa na Freddie Mercury, yule mtoto wa Bulsara aliyezaliwa kwetu mwezi wa Septemba 1946. Nikamjibu kwamba ni vyema, kwani mtoto wa mji ni mtoto wa mji popote atakapofia. Lakini akishamaliza kazi yake avuke Darajani, aende Ng'ambo, anipigie picha ya mahali alipokaa Siti binti Saad. Kijana akaenda. Aliyemwuliza kwanza alimpeleka kushoto, wa pili akamrudisha kulia, wa tatu akasema hamjui mtu huyo, na ilipoingia magharibi akaniandikia: "Mjomba, hakuna cha kupiga."

Hakuna cha kupiga! Mwanamke aliyezaliwa Fumba katika unyonge, akaingia mjini akiuza vyungu, akafunzwa uimbaji ukubwani, akasafiri 1928 hadi Bombay kwenda kutia sauti yake katika sahani za santuri, akakifanya Kiswahili chetu kisikike kila palipokuwa na gramafoni katika pwani yote hii, hata Shaaban Robert wa Tanga akaona ni wajibu wake kumwandikia wasifu. Mwanamke huyo alifariki 1950, na leo mji uliomzika hauwezi kumwonyesha mgeni ukuta wake. Na huyo ndiye mashuhuri kuliko wote. Seuze wale ambao sifa zao hazikuvuka Mnazi Mmoja, wacheza mpira, wakunga, walimu wa vyuoni na wa skuli, mafundi wa udi na kanuni, watu ambao bila ya wao mji wetu ungekuwa mawe na chokaa tu.

Sasa hebu tazameni huku nilipo. Feltham ni kitongoji cha magharibi ya London, karibu na kiwanja cha ndege cha Heathrow, na nyumba nambari 22 ya Gladstone Avenue ni nyumba ya watu wa kawaida, haina roshani wala mlango wa nakshi. Lakini jamaa wa Bulsara walikaa humo baada ya kuhama Unguja 1964, na kwa sababu hiyo tangu 2016 ukutani mwake pana bamba la duara, la buluu, upana wake kama nusu mita, linalomwambia kila mpita njia jina la kijana aliyelala humo, miaka ya uhai wake na kazi aliyoifanya. Pimlico nako, katika Cambridge Street, nambari 95, pana bamba jengine kama hilo la Jomo Kenyatta, aliyekaa hapo baina ya 1933 na 1937, ambaye dola hii hii baadaye ilimtia kifungoni. Ikiwa Waingereza wameweza kumwandika ukutani mtu waliyemfunga, sisi tunashindwa na nini kuwaandika watu tuliowapenda?

Wala msidhani kwamba mabamba hayo ni ya marais na waimbaji peke yao. Barking, mashariki ya mji, liko la Bobby Moore, nahodha wa timu ya Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia 1966, na halikuwekwa kwenye jumba la fahari bali kwenye nyumba ya mtaani alimokulia. Na kaskazini, Stroud Green, liko la Laurie Cunningham, mtoto wa wahamiaji wa Jamaika aliyefika kuichezea Real Madrid, kisha akafa kwa ajali ya gari 1989 naye ana miaka 33 tu. Mtoto wa mtaa ule akienda skuli asubuhi husoma kwamba mtu wa miguu mepesi alitoka katika safu ile ile ya nyumba anamotoka yeye. Bamba hilo hulipita mara nyingi, na kila nilipitapo moyo wangu huenda Kikwajuni.

Hawakulianza jana. Mbunge William Ewart alilitamka Bungeni 1863, jumuiya iitwayo Society of Arts ikalichukua 1866, na 1867 wakaweka bamba la mwanzo kwenye nyumba alimozaliwa mshairi Byron. Nyumba ikabomolewa 1889, bamba likaenda nayo, wao wasikate tamaa. Leo kazi hiyo iko mikononi mwa English Heritage, na mabamba yamekwisha pita elfu moja.

Basi ombi langu kwenu ni hili moja, na mengine yote nayaacha. Tuandike majina ya watu wetu juu ya milango yao.

Na asitokee mtu kuniambia kwamba ninawaleteeni desturi ya kigeni, maana milango ya mji wetu ilikuwa ikiandikwa kabla Ewart hajasimama Bungeni. Piteni Mji Mkongwe muinue macho: juu ya mlango, katika ubao unaobeba nakshi, aghalabu mtaona aya ya Kurani, na mara nyengine mwaka wa Hijria wa kujengwa nyumba na jina la mwenyewe, herufi zimechongwa kwa patasi hata kivuli cha alasiri kikiziangukia zinasomeka toka upande wa pili wa uchochoro. Mafundi wa kuchonga tungali nao. Mabamba ya shaba yataibiwa yauzwe kwa mzani wa chuma chakavu, hilo mnalijua kuliko mimi. Ubao wa msaji uliochongwa jina la marehemu hauna mnunuzi. Na uandikwe kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu pamoja; hizo za Kiarabu ndizo walizoandikia wazee wetu barua zao na mashairi yao. Hapa London, katika chuo cha SOAS, zimehifadhiwa tungo zilizonakiliwa kwa mkono wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyekuwa mwandishi wa khati na mchonga mbao kwa wakati mmoja, na ukizitazama unafahamu kwamba kwa watu wa pwani kalamu na patasi zilikuwa kazi ya mkono mmoja. Karatasi za mtu huyo zinatunzwa huku kwa taadhima, na mbali na kwao.

Maneno yawe machache: jina, miaka, kazi. Sifa zisitiwe, kwani sifa huleta ushindani na ushindani huleta ugomvi wa koo na vyama. Na hapa ndipo ninapowasihi sana mshike kanuni moja ya watu wa huku, kwamba asiandikwe mtu mpaka iishe miaka ishirini tangu kufa kwake. Kanuni hii kwetu ni muhimu kuliko kwao. Mnajua jinsi mji wetu ulivyo; kila jina lina upande wake, na kila upande una wafu wake, na ukimtaja mmoja leo utaulizwa kesho kwa nini hukumtaja yule. Miaka ishirini haifuti uchungu, walakini huondoa tamaa; wenye kutaka kujipendekeza kwa wakubwa hawana la kupata kwa marehemu wa zamani. Mapendekezo yatoke kwa yeyote, awe mpiga mbizi wa Forodhani au profesa, na wapimaji wawe wa Nyaraka za Taifa pale Kilimani, wa Chuo Kikuu cha Taifa, wa Mamlaka ya Mji Mkongwe, pamoja na wazee wawili watatu wa mabaraza ya Ng'ambo ambao bado wanakumbuka nani alikaa wapi. Hao wazee ndio wa kuharakishiwa, maana makaratasi yatangoja.

Najua mtauliza juu ya nyumba zilizokwisha vunjwa. Vibanda vya Ng'ambo vilivyoondolewa miaka ya sabini yakajengwa majumba ya Michenzani, vilikuwa na wenyewe, na katika wenyewe hao walikuwamo wapiga zumari na walinda goli. Nao wawekewe ubao kwenye kuta za majumba hayo hayo, uandikwe kwamba mahali hapa palikuwa na nyumba ya fulani. Sharti la Waingereza kwamba nyumba iwe imesimama, tuwaachie wenyewe. Sisi mji wetu umevunjwa mara nyingi mno kufuata sharti hilo, na hata jumba lililokuwa kubwa kuliko yote, Beit al-Ajaib la Sayyid Barghash, la 1883, sote tuliona Disemba 2020 lilivyoporomoka likaua watu wawili.

Ninalolitaka hasa, na ndilo linalonitoa usingizi, ni mpira. Taarabu angalau ina vilabu vyake. Akhwani Safaa tangu 1905 na Culture tangu 1958 wanazijua nasaba zao. Mchezaji hana anayemshughulikia. KMKM walichukua ubingwa wa Muungano 1984, Malindi wakauchukua 1989 na tena 1992, na 1995 timu ya visiwa viwili hivi ilikwenda Uganda ikarudi na Kombe la Chalenji. Mwite kijana yeyote aliyeketi Amaan leo chini ya taa zile mpya, mwulize majina matano ya kikosi hicho. Atakutajia kumi na mmoja wa Arsenal bila ya kusita, na wa akiba juu yake.

Nanyi mnalalamika, kwa haki, kwamba ulimwengu hautuandiki! Machi 2017 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walitupa uanachama, Julai wakatunyang'anya, tukaonewa mbele ya macho ya bara zima. Na Disemba ya mwaka ule ule vijana wetu wakaingia fainali ya Chalenji Machakos, wakatoka na Kenya mbili kwa mbili, wakashindwa kwa penalti tu, mkawapokea kama mashujaa. Mimi nililia huku. Lakini mtu ambaye daftari la wengine limemkataa, huketi akaandika daftari lake mwenyewe. Mwaka 2022 kila mtaa ulipata nguzo yenye jina na kila nyumba ikabandikwa nambari, kazi iliyofanyika nchi nzima kwa muda mfupi. Watu walipita mlango kwa mlango wakiandika. Wangeuliza swali moja zaidi, "nani alikaa humu?", leo tungekuwa na nusu ya habari tunazozitafuta.

Ninayo picha ya timu aliyochezea ami yangu Mnazi Mmoja, zamani za miaka ya hamsini. Wengi katika hao hawana viatu. Wamekunja mikono kifuani, wamevaa fulana za mistari, na mmoja, mfupi, ameweka mguu juu ya mpira kwa namna ambayo unaona kabisa kuwa ndiye aliyewasumbua mabeki. Nyuma ya picha mtu ameandika majina kwa kalamu ya risasi, kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto kama walivyosimama, na mchwa wamekula pembe moja, wakaondoka na majina ya wale wa mwisho. Huyo mfupi ni mmoja wao. Ami angeweza kunitajia jina lake wakati wowote ule, katika simu zote tulizopigiana za Idi na za tanzia, lakini katika simu hizo tulizungumza fedha, dawa na bei ya mchele, na siku alipozikwa mimi nilikuwa zamu ya usiku, nikaisikia habari yake katika basi.

Mtasema, na pengine nyinyi mlio karibu nami sana ndio mtakaosema: huyu aliyeondoka, ambaye hakubeba jeneza wala hakushika foleni ya maji, ana haki gani ya kutupangia? Sina hoja ya kuwashinda. Mliobaki mliwauguza wazazi wetu, mkazilinda nyumba, mkavumilia chaguzi na yaliyofuata chaguzi, na sisi tukaleta fedha kwa simu tukaona tumeshatimiza. Lakini kukaa kwenu karibu na mambo hayo ndiko kunakofanya kazi hii iwe yenu. Mimi siwezi kumwuliza bibi wa Kisima Majongoo aliyekuwa akisikia mazoezi ya udi kila usiku nyumba ya jirani. Nyinyi mwaweza, kesho, mkiwa mnakwenda sokoni. Wala msikae mkingoja Serikali itoe amri na bajeti na kamati ya kusimamia kamati. Ubao mmoja hauhitaji bajeti.

Kwa hivyo anzeni na Siti. Mpwa wangu amekwisha pewa njia mbili zisizokutana; wakusanyeni wazee, wabishane mpaka wakubaliane, na wasipokubaliana uwekwe ubao kwenye mtaa badala ya nyumba. Wa pili awe mchezaji, yeyote mtakayemridhia, maadamu amefariki zaidi ya miaka ishirini na mtaa wake unajulikana. Jamaa tunaokutana hapa London tumeshauriana, na ujira wa fundi wa mbao hizo mbili tutautoa sisi. Kabla patasi haijagusa mti nileteeni maneno kwa maandishi, kwa khati zote mbili, niwape wanaojua wayasome. Jina likikosewa katika msaji halifutiki. Na picha ya ami nawatumieni pamoja na barua hii. Iwekeni barazani, na yeyote atakayemtambua yule mfupi ampe mpwa wangu jina lake.

Wasalaam,
Mwenzenu wa London