Tovuti za Halmashauri: Nyumba Njema si Mlango

Mwananchi anayetaka kujua masharti ya leseni ya biashara, utaratibu wa kupata kiwanja au tarehe ya kikao cha Baraza la Madiwani hapaswi tena kupanda basi alfajiri kwenda makao makuu ya wilaya, kusimama mbele ya ubao wa matangazo, kisha kurudi kijijini jioni na nauli imekwisha. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Mwaka 2017 mikoa yote 26 ya Tanzania Bara na halmashauri zake 185 zilipatiwa tovuti zilizojengwa kwa sura moja na mpangilio mmoja, ili aliyezoea ukurasa wa wilaya moja asipotee akifungua wa wilaya nyingine.

Uamuzi ule ulikuwa wa busara, na wajibu wa kila ofisi ya umma ni kuulinda. Lakini busara ya kujenga nyumba ni jambo moja, na bidii ya kuishi ndani yake ni jambo jingine. Watumishi na walimu, ambao ndio macho na masikio ya Taifa mahali walipo, hawana budi kuyaelewa mambo hayo mawili vizuri, maana bila kuyaelewa watayaachia mafundi peke yao, na mafundi hawawezi kuandika habari za kata wasizozijua.

Kwanza, ni vyema ijulikane mtambo wa namna hii hufanya kazi vipi. Zamani kila tovuti ilijengwa peke yake: ofisi moja, mkandarasi mmoja, programu moja, seva moja. Leo iko njia ya kuendesha tovuti nyingi kwa programu moja tu ya kusimamia maudhui iliyosimikwa mahali pamoja. Mtu anapoandika anwani ya wilaya fulani, ombi lake hufika kwenye seva. Programu hulisoma jina lililoombwa, hulilinganisha na orodha yake, kisha hufungua kumbukumbu za wilaya ile tu na kumpa msomaji habari zake, picha zake na nembo yake. Aliyeomba wilaya nyingine hupewa za wilaya ile nyingine. Msomaji huona nyumba mbili, kumbe paa ni moja.

Programu zinazofahamika sana kwa kazi hii ni mbili. Drupal, iliyotolewa mwaka 2001 na Dries Buytaert wa Ubelgiji, huruhusu tovuti nyingi kutumia majalada yale yale ya programu, kila tovuti ikiwa na folda yake ya mipangilio na kwa kawaida hifadhidata yake. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, iliingiza uwezo huo ndani ya toleo lake la 3.0 mwezi Juni 2010. Yenyewe hutumia hifadhidata moja, lakini kila tovuti hupewa fungu lake la majedwali, na orodha ya watumiaji huwa ya wote. Programu zote mbili ni huria. Hazidai ada ya leseni, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuzifungua, kuzichunguza na kuzirekebisha. Kwa nchi inayohesabu kila dola inayotoka nje, hilo si jambo dogo.

Faida ya pili ni kubwa zaidi, nayo inahusu usalama. Tarehe 15 Oktoba 2014 watengenezaji wa Drupal walitangaza kwamba toleo lao la 7 lilikuwa na ufa uliomwezesha mhalifu kuingia katika hifadhidata bila hata kuwa na nenosiri. Kiraka cha kuziba ufa huo kilitolewa siku ile ile. Wiki mbili baadaye, watengenezaji hao walitoa onyo kali: tovuti yoyote ambayo haikuzibwa ndani ya saa 7 baada ya tangazo ihesabiwe kuwa imekwisha kuvamiwa. Wahalifu hawakusubiri kikao wala idhini ya matumizi.

Basi na ipigwe hesabu nyepesi. Mikoa 26 na halmashauri 185 ni ofisi 211. Kama kila moja ingekuwa na programu yake, na fundi mmoja akatumia saa moja kuziba kila ufa, angehitaji saa 211, yaani zaidi ya siku 26 za kazi zenye saa 8 kila moja. Kwa saa 7 za mwanzo angekuwa amezifikia ofisi 7. Zilizobaki 204 zingekuwa wazi kama ghala lisilo na kufuli. Lakini pale programu inapokuwa moja, majalada hubadilishwa mara moja tu, na tovuti zote hupata kinga kwa pamoja, ya jiji kubwa sawa na ya wilaya ya pembezoni isiyo na hata fundi mmoja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa wa kuzibwa ni ufa mmoja, wala si 211.

Hata mataifa yenye fedha nyingi yamejifunza somo hili kwa gharama. Mwaka 2007 Serikali ya Uingereza ilikagua tovuti zake na kukuta 951, ikaamua kuzifunga 551. Mwezi Oktoba 2012 ilifungua tovuti moja ya Serikali, GOV.UK, na katika miaka miwili iliyofuata mamia ya idara na taasisi zake zikahamia huko. Nchi yenye uchumi wa kiwango kile iliona kuwa haiwezi kubeba mzigo wa kila idara kujijengea yake. Tanzania haina sababu ya kupita njia hiyo ndefu kabla ya kufika pale pale.

Wapo wanaosema kwamba mtambo mmoja huua uhuru wa halmashauri. Hoja hii isipuuzwe, kwa kuwa historia ya nchi ina la kufundisha. Mwaka 1972 Taifa lilitangaza Madaraka Mikoani kwa nia njema ya kupeleka maamuzi karibu na wananchi. Lakini katika mpango ule mabaraza ya halmashauri yaliyochaguliwa yaliondolewa, na watumishi wakapelekwa mikoani na wilayani wakiwa bado wanatazama juu kuliko wanavyotazama kijijini. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, Bunge lilitunga sheria za kurudisha Serikali za Mitaa, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena. Somo lake ni kwamba chombo kinaweza kutolewa na Makao Makuu, lakini sauti ikitolewa Makao Makuu, mwananchi hunyamaza.

Mtambo wa pamoja, ukiendeshwa ipasavyo, hutenganisha mambo hayo mawili. Msimamizi mkuu hushika programu, viraka, sura ya kurasa na programu-jalizi zinazoruhusiwa. Msimamizi wa halmashauri hushika habari, matangazo, bajeti na picha za wilaya yake, wala hahitaji ruhusa ya mtu wa mbali kuandika kwamba kisima cha kijiji fulani kimeharibika. Ni kama trekta la ushirika. Trekta ni moja, na fundi wake mmoja, lakini kila mkulima hupanda mbegu yake shambani mwake na huvuna alichopanda. Asiyepanda asilitupie trekta lawama.

Hata hivyo, itakuwa ni kujidanganya kudai kwamba njia hii haina hatari. Paa likiwa moja, moto pia huwa mmoja. Mtu mwovu akiiba nenosiri la msimamizi mkuu, ameiba funguo za vyumba vyote. Programu-jalizi mbovu ikiwekwa, itaweza kuziangusha tovuti zote kwa dakika ile ile. Na siku ambayo maelfu ya watu wanafungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, kama vile siku ya kutangazwa matokeo au nafasi za ajira, jirani wanaotumia seva ile ile huweza kukosa pumzi.

Dawa ya hatari hizo inajulikana, nayo ni nidhamu ya kazi. Kila badiliko lijaribiwe kwanza katika nakala ya pembeni kabla ya kuwekwa kwenye mtambo wenyewe. Nakala za akiba zichukuliwe kila siku, zihifadhiwe katika jengo jingine, na mara kwa mara zijaribiwe kurudishwa, kwa maana nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu. Wenye funguo kuu wawe wachache, wajulikane kwa majina, na kila wanalofanya liandikwe. Tovuti inayotarajia umati mkubwa ipewe nafasi yake ya kutosha. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao uwezo wa kusimamia viwango vya kazi hizi; wakuu wa taasisi wasiione Mamlaka hiyo kama mkaguzi wa kukimbiwa.

Lakini ugonjwa mkubwa kuliko yote hauko kwenye seva. Uko mezani. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tovuti yenye nembo ya Taifa, rangi za bendera na picha ya jengo jipya la utawala haimsaidii mwananchi ikiwa tangazo la mwisho ni la miaka mitatu iliyopita, ikiwa jina la Mkurugenzi ni la yule aliyekwisha hamishwa, na ikiwa fomu inayotakiwa haifunguki. Mbaya zaidi, tangazo lililopitwa na wakati humdanganya msomaji. Mwananchi aliyefuata ada ya mwaka jana na kukuta imebadilika ameibiwa nauli na Serikali yake mwenyewe.

Chanzo cha ugonjwa huo mara nyingi ni kudhani kwamba tovuti ni shamba la Afisa TEHAMA peke yake. Afisa huyo anajua kuweka taarifa. Hajui ratiba ya chanjo, wala mgawo wa vitabu, wala mapato ya soko. Wanaojua ni wakuu wa idara, nao hawaleti. Kila idara imteue mtumishi mmoja wa kuandika na mwingine wa kuhakiki, na jina la idara liwekwe chini ya habari yake pamoja na tarehe. Mkurugenzi Mtendaji aiulizie tovuti katika kikao cha wakuu wa idara kama anavyoulizia mapato. Mtumishi anapohamishwa, akabidhi nenosiri kwa msimamizi lifutwe na mpya litolewe, kama anavyokabidhi funguo za ofisi na stoo. Na lugha iwe Kiswahili fasaha kinachoeleweka na mkulima. Lugha ya kigeni iwekwe kwa ajili ya wageni, isiwe pazia la kumficha mwenye nchi asione mambo yake.

Walimu nao wana nafasi yao. Mwalimu wa shule ya kata ya mbali ndiye mara nyingi mtu wa kwanza kijijini kufungua ukurasa wa halmashauri kwa simu yake, na ndiye anayeulizwa na wazazi. Akikuta kosa asiishie kunung'unika katika chumba cha walimu. Aandike kwa Mkurugenzi na kulieleza. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamtambua raia kuwa na haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa vyombo vya umma. Haki isiyodaiwa hulala, na ofisi isiyoulizwa hulala nayo.

Liko jambo moja la mwisho, nalo linagusa msingi wa siasa ya kujitegemea. Kazi ya mwaka 2017 ilifanywa kwa kusaidiwa na mradi wa PS3, uliogharimiwa na Shirika la Maendeleo ya Kimataifa la Marekani. Msaada ule ulikuwa na manufaa, na shukrani ni uungwana. Lakini mwaka 2025 Serikali ya Marekani ililivunja shirika hilo kwa uamuzi wake yenyewe, bila kuuliza wilaya yoyote ya Tanzania. Mtumai cha nduguye hufa maskini. Ofisi iliyozoea kwamba mafunzo ya watumishi wake, posho ya semina na kompyuta za kazi hutoka kwa mfadhili sasa haina pa kuegemea isipokuwa bajeti yake na vijana wake.

Vijana hao wapo. Vyuo vya nchi vinawafundisha, programu zenyewe ni huria, na lugha ya kuandikia ni ya wananchi wote. Kinachotakiwa ni kila halmashauri kutenga fungu, hata kama ni dogo, kwa ajili ya kuwafundisha waandishi wake wa habari za idara mwaka hadi mwaka, ili aliyefundishwa akiondoka amwache mwenzake anayejua.

Mtambo mmoja umeipunguzia kila ofisi mzigo wa fundi, wa seva na wa kuziba nyufa. Kwa hiyo umeiondolea pia kila ofisi kisingizio. Wilaya ambayo tovuti yake imelala haiwezi tena kusema imekosa mtambo. Wilaya jirani inao ule ule, na yake iko macho. Wananchi watapima tofauti hiyo, na watakuwa na haki ya kuuliza imetokana na nani.