Kijana wa Mtaani Ni Kazi Yetu Pia



Katika mikutano ya sendika tunazungumza mishahara, ajali za kazini na siku za mapumziko. Hiyo ni haki yetu. Lakini liko jambo moja tunaloliacha nje ya mlango: kijana asiye na kazi anayeshinda kando ya barabara huko Kamenge, Kinama, Buterere, Bwiza na Buyenzi. Kijana huyo si mgeni wetu. Ni mtoto wa mwenzetu wa kiwandani, au wa mchuma chai wa Teza, au wa mkata miwa wa Moso, aliyeteremka Bujumbura kutafuta riziki akaikosa.

Sisi tunasema: kumkinga kijana huyu na uharibifu ni kazi ya mtaa mzima, na sendika ni sehemu ya mtaa.

Wenye umri wanakumbuka. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura iligawanyika kwa kabila. Vijana wasio na shughuli walitiwa katika magenge. Waliojiita Sans Échec na Sans Défaite walitisha mji, na siku za "mji mfu" barabara zilifungwa. Nani aliumia? Wakubwa walikuwa na magari na walinzi. Mfanyakazi anayekwenda kazini kwa miguu ndiye aliyepoteza posho ya siku, na wengine walipoteza maisha. Basi asituambie mtu kwamba mambo ya vijana hayahusu mfuko wa mfanyakazi.

Miaka hiyohiyo ilituonyesha dawa. Kamenge kulikuwa na Kituo cha Vijana kilichoanzishwa na mapadri Wasaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kilipokea Wahutu na Watutsi, Wakristo na Waislamu, wakacheza mpira pamoja na kusoma pamoja, huku mitaa yao ikipigana. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya Right Livelihood, inayotolewa Uswidi. Vijana wengine wa makabila yote mawili waliunda chama wakakiita Jamaa, wakawaendea viongozi wa magenge, wakawakalisha pamoja, kisha wakawapeleka uwanjani.

Hawakuwashinda vijana kwa hotuba. Waliwapa mahali pa kwenda, shughuli ya kufanya, na mtu mzima anayewajua kwa majina.

Leo hatari imebadili sura. Yuko kijana anayenaswa na unga wanaouita boost, akauza hata sufuria ya mama yake. Na mwanasiasa anayetafuta kijana wa kumtanguliza mbele hajakwisha. Mwaka 2015 tulimwona tena, upande huu na upande ule.

Wako watakaosema: hii ni kazi ya serikali na polisi, sisi tumechoka na mshahara hautoshi. Kweli tumechoka. Lakini polisi hufika mtoto akiwa ameshaharibika. Na serikali tutaidai shule za ufundi na viwanja, bila kungoja jibu ndipo tuanze. Mkono mmoja haulei mwana.

Tufanye nini? Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila tawi la sendika lidai katika mapatano na tajiri nafasi za wanagenzi kwa vijana wa mtaa unaozunguka kiwanda au shamba, wajifunze kazi kwa posho halali, si kwa kubebeshwa mizigo bure. Pili, mafundi wetu wa umeme, wa mashine na wa kushona watoe jioni moja kwa wiki kufundisha. Wazee wetu waliostaafu wana ujuzi unaooza nyumbani; nao waitwe. Tatu, timu za mpira za viwandani zifungue milango kwa vijana wa mitaa yote, zikichanganya Kamenge na Ngagara katika jezi moja, na bendera ya chama chochote cha siasa isiingie uwanjani.

Mambo haya hayataki fedha nyingi. Yanataka tuwepo, Jumatatu hii na Jumatatu ijayo, kwa sababu mwenye kumtafuta kijana kwa ubaya hachoki kumfuata.

Kijana asiye na mlango wa kuingilia atasukumwa kwenye mlango wa mwingine. Tuufungue wa kwetu mapema.

Umoja wa wafanyakazi uanzie mtaani!