Joto la bahari linavyokula kipato cha wakulima wa mwani Zanzibar

Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri sokoni, imekuwa ngumu kulimika katika maeneo mengi ya Unguja. Mbegu inafungwa kwenye kamba, inaanza kukua vizuri, halafu inageuka nyeupe, inalainika na kukatika. Wakulima wengi wamebaki na spinosamu, inayovumilia zaidi lakini inayolipa kidogo.

Si kwamba wakulima hawajitumi. Shida iko kwenye maji yenyewe.

Maji ya bahari yana nini?

Kilo moja ya maji ya bahari ina wastani wa gramu 35 za chumvi. Takriban asilimia 85 ya hizo ni chumvi ileile ya jikoni. Zilizobaki ni madini kama magnesiamu, kalsiamu na potasiamu.

Mwani hauna mizizi ya kufyonza chakula ardhini. Kila kitu unakipata kwenye maji. Maji yakibadilika, hauna pa kukimbilia.

Sifa nyingine ni joto. Ili kilo moja ya maji ya bahari ipande nyuzi 1, inahitaji nishati karibu mara nne ya ile inayohitajika kwa kilo moja ya hewa. Ndiyo maana bahari huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Ndiyo maana pia imebeba zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililoongezeka duniani tangu miaka ya 1970.

Kwa lugha rahisi: bahari imetukinga sisi na joto, lakini yenyewe imelibeba.

Kwa nini mashamba ya ufukweni yanaumia zaidi?

Mashamba ya Paje, Jambiani na Bwejuu yako ndani ya mwamba wa matumbawe, sehemu ambayo maji yakitoka unatembea kwa miguu.

Wakati wa bamvua, maji hukupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa limeshakolea. Maji yanayobaki shambani ni machache, na maji machache hupata moto haraka. Mengine hugeuka mvuke, chumvi inabaki palepale, ukali wake unaongezeka. Masika ikinyesha inakuwa kinyume: maji ya mvua yanashusha chumvi ghafla.

Kotonii hustawi zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Yakizidi hapo kwa muda, huku chumvi ikipanda na kushuka, inadhoofika na bakteria wanapata njia. Hapo ndipo unapoingia ugonjwa wa ais-ais, ule wa mwani kugeuka mweupe.

Jua na kupwa havikuanza leo. Kilichobadilika ni pa kuanzia: bahari ikiwa tayari ina joto, jua lilelile la asubuhi linatosha kuvusha maji kwenye kiwango ambacho kotonii haivumilii.

Suluhisho lipo, lakini kwa nani?

Watafiti, akiwemo Dk Flower Msuya, wamejaribu kuhamishia mwani kwenye kina kirefu kwa kutumia nyavu zenye umbo la bomba. Huko maji ni mengi, hayapandi joto haraka na chumvi haiyumbi sana. Kisayansi, njia hiyo inaeleweka.

Changamoto ni watu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na wengi walioingia ni wanawake, kwa sababu shamba lilifikika kwa miguu na halikuhitaji mtaji mkubwa. Kina kirefu kinahitaji boti, nyavu na kujua kuogelea, na wengi wao hawajawahi kufundishwa kuogelea.

Maana yake, teknolojia inayookoa kotonii inaweza kuwaacha nje walioilima kwa miaka yote, na faida ikaenda kwa mwenye boti.

Serikali ya Zanzibar imeutaja mwani kama sehemu ya uchumi wa buluu. Kipimo cha sera hiyo kisiwe tani zinazosafirishwa peke yake. Kiwe pia ni wanawake wangapi wa Paje na Jambiani wamefika kwenye kina kirefu na kurudi salama na mzigo wao wenyewe.