Mkeka Si Umaskini: Ishara na Tabaka katika Uhakiki wa Riwaya ya Kihalisia

Tahakiki nyingi za riwaya ya Kiswahili ya kihalisia zimeingiwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa jedwali. Upande wa kushoto huandikwa kitu, upande wa kulia maana yake. Kasri ni ubwana. Kibanda ni udhalili. Mkeka ni umaskini. Mwanafunzi hulikariri jedwali, mtahini hulitolea alama, na riwaya yenyewe hubaki haijasomwa. Makala haya yanadai kwamba jambo hili si dosari ndogo ya ufundishaji. Ni njia ya kulificha tabaka papo hapo linapodaiwa kufichuliwa.

Uchukuliwe huo mkeka. Katika Kipungani, kijiji kilichoko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, usukaji ni kazi ya wanawake na ni sehemu ya riziki ya nyumba. Jani hukaushwa, likachanwa. Chane zikasukwa ukili. Ukili ukashonwa, mzunguko baada ya mzunguko, hata mkeka ukatimia. Msukaji hachanganyi jamvi na mkeka, wala mkeka wa kulalia na msala. Jamvi ni la suka nene, la kuanikia na la kukalisha halaiki. Mkeka mwembamba wa ukindu uliotiwa rangi hutandikwa kitandani, na huingia katika nyumba ya mawe ya muungwana bila ya kuona haya. Kitu hicho kimoja, basi, kinapita katika matabaka yote. Kinachotenga ni nani aliyekisuka, nani aliyekinunua na kwa bei aliyoipanga nani, na nani anayekilalia pasi na kujua ukili ni nini. Mhakiki aandikapo kuwa mkeka unaashiria umaskini, ameutazama kutoka juu ya kochi.

Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kwamba ishara, ili iwe ishara, sharti ivuke hali yake ya kitu. Wanaoshikilia hoja hiyo hupenda kuutolea ushahidi uhalisia wa Marekani, na hasa ile taa ya kijani katika *The Great Gatsby* ya F. Scott Fitzgerald (1925), ambayo imefundishwa kote duniani kuwa ni ndoto ya mwanadamu. Ushahidi huo unawageuka. Taa ile iko mwisho wa gati la nyumba ya Daisy, mke wa tajiri wa kurithi, ng'ambo ya maji kutoka kwa tajiri aliyejipatia mali kwa njia za magendo. Iondolewe milki, hakuna kinachobaki ila balbu. Frank Norris, katika *McTeague* (1899), ni mkweli zaidi: jino kubwa la dhahabu ambalo daktari wa meno analitamani kwa muda mrefu ni bango la biashara, wala si zaidi, na linatisha kwa sababu hiyo hiyo. Mtu huyo hana shahada. Siku sheria inapomfikia, bango haliwezi kumwokoa. Ishara hapo haikuvuka kitu chake hata kidogo.

Katika fasihi ya Kiswahili, *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Shafi Adam Shafi (1978) ndiyo iliyoonewa zaidi. Jina la Kijakazi huandikwa katika jedwali kuwa ni ishara ya utumwa, kana kwamba mwandishi aliwaficha wasomaji jambo hilo. Swali gumu halikuguswa: kwa nini mtumishi huyo aendelee kumtumikia bwana wake hata baada ya mapinduzi ya 1964 kuiangusha dola iliyomlinda bwana huyo? Jibu la mkato, yaani “ujinga wa tabaka la chini”, ni tusi lililovishwa istilahi. Riwaya inaonyesha namna kazi ya kila siku inavyoufunza mwili utiifu, hata mwili ukaona fahari katika nyumba isiyo yake. Kasri halikai kilimani tu. Limekaa ndani ya Kijakazi. Hilo haliingii katika safu ya kulia ya jedwali lolote.

Wala ugonjwa huu haukuanza na riwaya. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mapema katika karne ya 19, imehakikiwa mno kama wasia juu ya ubatili wa dunia: majumba ya Pate, taa zake, vidaka vyake, na magofu yaliyofuatia. Wasia huo umo. Asiyeuona hajui kusoma. Lakini mshairi, ingawa mwenyewe alikuwa wa ukoo wa masharifu, hakuyajaza majumba yale mabwana pekee. Katika maelezo ya malazi yao amewaweka pia watu waliowakanda na waliowapepea hata wakapata usingizi. Tahakiki huyatua macho juu ya mito na matandiko, ikahesabu anasa, ikamlilia tajiri aliyekwenda kaburini, ikawapita watu hao kana kwamba ni sehemu ya samani. Mtenzi umesimulia mauti ya waliolala. Nini kiliwapata waliokuwa macho, wameshika mapepeo, siku jumba lilipoanguka?